Ndio, Punda wa Shosho Amestaafu. Tuongee.

Wiki tatu zilizopita niliposti picha moja tu. Punda amesimama nyuma ya pikapu, ameangalia kando kama mtu aliyekosana na mpiga picha. Nikaandika: "Makena ameenda kustaafu." Basi. Sikuweka stori, sikuweka wimbo.

Manze, mlinichekea. Mmoja akasema baba yake amefanya kazi miaka thelathini na bado hajastaafu, sembuse punda. Mwingine akaniuliza kama Makena atalipwa pensheni kwa M-Pesa ama benki. Kuna mwenye alisema kuna watoto wanalala njaa Mbeere na mimi nakodishia mnyama gari. Halafu ikaja ile iliyopata mapenzi mengi kuliko posti yenyewe: "Si huyu ni yule aliacha chuo? Sasa anafundisha punda pia kuacha."

Hiyo ya mwisho hata mimi nilicheka, sitadanganya. Lakini imekaa na mimi. So leo sitafanya video. Nitaandika, kwa sababu hii kitu haiingii kwa sekunde sitini.

Kwanza mjue Makena ni nani. Mimi sasa naishi Embu mjini, lakini kwetu ni Tigania, ile sehemu ya chini ambako mvua ikikosa inakosa kweli. Watu wakisikia Meru wanafikiria chai, kahawa na mlima. Wakisikia farasi wanafikiria Timau na Lewa, watalii wamevaa kofia ngumu wanapita karibu na pundamilia. Hiyo pia ni Meru, sawa. Lakini Meru yetu haina farasi. Ina punda, na punda ana mitungi.

Shosho alimnunua Makena 2007, akiwa bado mdogo. Jina lenyewe kwa Kimeru ni mtu mwenye furaha, na shosho alimpa kwa sababu siku ya kwanza alifika nyumbani akalia mpaka majirani wakatoka nje. Kutoka hapo kazi ilikuwa moja: kuteka maji na kuuza. Mitungi minne ya lita 20 kwa kila safari, safari nne kwa siku, wakati wa kiangazi hata tano. Hoteli za sokoni zilikuwa zinatungoja sisi ndio zianze kupika chai.

Sasa piga hesabu na mimi. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80. Punda wa kwetu ana kilo kama 150 hivi. Yaani kila siku, kwa miaka, Makena alikuwa anabeba zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe kwa njia ya mawe. Na mimi nilikuwa namfuata nyuma na fimbo. Nilikuwa mtoto, nilikuwa natumwa, lakini fimbo ilikuwa kwa mkono wangu.

Hayo maji ndiyo yalilipa sare yangu, vitabu vyangu na karo yangu ya sekondari mpaka nikamaliza. Yalilipa hata nauli ya kwenda chuo siku ya kwanza. Kwa hivyo mkisema "huyu aliacha chuo", ongezeni ukweli wote: huyu alisomeshwa na punda, halafu akaacha chuo. Hiyo ndiyo sentensi kamili, na ndiyo inanikosesha usingizi.

Turudi kwa stori. Mwaka jana Makena alianza kukonda. Alikuwa anatafuna mabua halafu anayaangusha, kama mtoto anayekataa sukuma wiki. Mgongoni alikuwa na kidonda cha zamani, pale magunia yanakaa, kinapona kinafunguka. Kwato zimejipinda mbele kama viatu vya ncha. Shosho alikuwa anasema ni uzee tu. Na punda ana tabia moja mbaya kwake mwenyewe: hasemi akiumwa. Ng'ombe akiumwa utajua, mbuzi akiumwa atakupigia kelele usiku kucha. Punda anasimama tu. Ni mnyama wa kuwindwa huyu. Kule porini walikotoka babu zake, ukionyesha udhaifu unaliwa. Kwa hivyo wewe unaona amenyamaza unafikiria ako sawa, kumbe anajificha.

Halafu broka akaja. Simtaji, na hata sijui jina lake kamili. Alikuja na pikipiki, akamzunguka Makena mara mbili, akasema elfu kumi na mbili. Pesa taslimu, leo hii.

Watu wangu, elfu kumi na mbili kwa punda mzee asiyebeba tena si pesa ya nyama. Si pesa ya kazi pia. Ni pesa ya ngozi.

Kama ulikuwa hujui, hapa ndio unaanza kuelewa. Huko China kuna dawa inaitwa ejiao, inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoke gundi. Inasemekana inaongeza damu, inarudisha ujana, vitu kama hivyo. China yenyewe ilikuwa na punda kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wamebaki chini ya milioni 3. Sasa wanatafuta wapi? Kwetu.

Kuanzia 2016 Kenya ilifungua vichinjio vya punda: Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu kwamba kutoka 2016 hadi mwisho wa 2018 walichinjwa zaidi ya punda 300,000. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Wakati huo ndio wizi wa punda ulienea. Watu walikuwa wanaamka wanakuta kamba, punda hayuko, na baadaye wanaonyeshwa mabaki vichakani, ngozi imeenda.

Naijua hiyo stori kwa sababu Makena alikuwa na mwenzake. Aliitwa Kirimi. Asubuhi moja ya 2018 tulikuta kamba imekatwa kwa kisu, safi kabisa. Makena alikaa siku kama nne hali vizuri, anasimama pale pale Kirimi alikuwa anafungwa. Shosho alimpelekea majani mkononi kama mgonjwa wa hospitali. Kwa hivyo aje mtu aniambie wanyama hawana hisia, nitamskiza, nitamjibu kwa heshima, lakini mimi nilikuwa hapo.

Februari 2020 serikali ilipiga marufuku biashara ya kuchinja punda. Waziri aliyetangaza alikuwa Peter Munya, mtu wetu wa Meru, gavana wetu wa kwanza. Kwetu watu walishangilia kama mpira. Mei 2021 Mahakama Kuu kule Naivasha ikaiondoa hiyo marufuku, baada ya wenye kichinjio kwenda kortini. Halafu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana bara lote lisimamishe uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Ni uamuzi mkubwa. Lakini uamuzi wa Addis hauna pikipiki. Broka anayo.

Nilipopigiwa simu kuhusu elfu kumi na mbili, nilikuwa Embu kwa ploti yangu nahariri video. Nikapiga kelele. Nikamwambia shosho asiuze, hiyo ni roho mbaya, hiyo ni kuua mtu wa familia. Nilikuwa nimejaa maneno, si unajua mtu wa kontenti. Shosho aliniacha nikamaliza yote. Halafu akasema, polepole: "Nimekusikia. Sasa niambie, sare ya Form One ya mtoto wa mjomba wako nitashona na maneno yako?"

Nyamaza. Sikuwa na jibu.

Na hapa ndio maoni yangu ya leo yanaanza, hayo mengine yote yalikuwa ya kuwaleta hapa. Huruma ina bei. Ukimwambia mtu maskini "usiuze huyo mnyama", umemwambia alipe huruma yako kwa mfuko wake. Kama huna mpango wa kuchanga, hujaleta huruma, umeleta kelele. Mimi nilikuwa kelele. Watu wengi tunaopost picha za punda wenye vidonda na kuweka uso wa kulia, ni kelele. Tunapata watazamaji, mwenye punda anapata matusi, punda anapata nini?

Kwa hivyo nilimwambia shosho nitalipa mimi hizo elfu kumi na mbili. Sikuwa nazo. Nililipa elfu tano siku hiyo, pesa ya tangazo moja la duka la simu, na zingine nikamaliza kwa miezi miwili. Nilikula chapati na maharagwe mpaka nikafanya video ya chapati na maharagwe. Sisemi hivi ndio mnipigie makofi. Nasema kwa sababu watu wanadhani kuokoa mnyama ni kazi ya watu wa roho nzuri. Hapana, ni kazi ya mtu aliyekubali kubeba gharama. Roho nzuri ni ya bure na tumejaa nayo.

Sawa, tumemnunua punda wetu wenyewe. Sasa tumfanyie nini? Tulimwita daktari wa mifugo. Akamfungua mdomo, akatuonyesha meno ya nyuma. Yalikuwa yamemea vibaya, mengine makali kama wembe, yanamkata shavu kila akitafuna. Yaani huyu mnyama alikuwa na njaa mbele ya chakula. Daktari akatupatia njia tatu, wazi bila kutupaka mafuta.

Ya kwanza, abaki nyumbani bila kazi. Lakini hiyo inataka chakula laini, kwato kukatwa kila baada ya wiki chache, meno kuangaliwa, dawa ya minyoo, kivuli. Shosho ana miaka sabini na kitu. Mimi niko Embu. Nani atafanya? Ya pili, sindano, alale asiamke, bila maumivu. Ya tatu, kituo cha kuhifadhi wanyama, kama kitakubali kumpokea.

Nataka tukae kwa hiyo sindano kidogo, kwa sababu watu wa mtandao hawapendi kuiskia. Kuna mwanamke Mwingereza aliitwa Dorothy Brooke. Alifika Cairo mwaka wa 1930 akakuta farasi wazee wakivuta mikokoteni na mawe, mifupa mitupu. Walikuwa farasi wa jeshi la Uingereza waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, halafu vita vikiisha jeshi likawauza hapo hapo badala ya kuwarudisha. Aliandika barua kwa gazeti moja la kwao, watu wakatuma pesa, akanunua farasi kama 5,000. Mwaka wa 1934 akafungua hospitali ya wanyama pale Cairo, na shirika lililotoka hapo, Brooke, mpaka leo linafanya kazi na punda hapa Kenya. Sasa skizeni: wengi wa wale farasi hakuwapeleka shamba la majani mabichi. Walikuwa wamechoka sana. Aliwanunua, akawapa siku chache za kula na kupumzika, halafu wakalazwa bila maumivu. Huo ndio uokoaji wenyewe, hauna wimbo wa furaha chini yake. Ukiuliza mtu akusaidie na mnyama mzee, uwe tayari kuambiwa jibu ambalo hulitaki.

Kwa Makena daktari alisema bado ana miaka, akitunzwa. Punda akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 30 na zaidi. Hapo ndio tukaanza kutafuta kituo.

Wengi wenu mliniuliza kama hivyo vitu vipo Kenya kweli ama ni uzungu wa filamu. Vipo. Kule Lamu, ambako magari yanahesabika na punda ndiye lori, kuna kituo cha punda tangu 1987, kinatibu bure na kinawaweka wazee na wagonjwa. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama. Lakini Meru, Tharaka Nithi, Embu? Punda tunao wengi, na mahali pa kumpeleka mzee sikupata hata pamoja pa karibu. Nitarudi kwa hilo.

Kituo kilichotupokea sikitaji, kwa sababu nikikitaja kesho mtawapigia simu elfu moja. Na hicho ndicho kitu cha pili nataka kusema: kituo sio jalala. Nilikuwa nafikiria unapiga simu, wanasema asante sana, wanakuja na maua. Wapi. Waliniuliza maswali kuliko siku ya kuomba mkopo wa chuo. Ana umri gani? Anakula nini? Alipata chanjo gani? Kwa nini hamumtaki? Mmejaribu nini kwanza? Ana mwenzake?

Hilo la mwisho nililijibu na sauti ikanikwama. Nikasema alikuwa naye. Mama wa kituo akanyamaza kidogo, akaniambia wanauliza kwa sababu punda wakizoeana ukiwatenganisha mmoja anaweza kukataa chakula, na punda akikaa bila kula siku chache mafuta yanaingia kwa damu anaweza kufa. Akasema kama mwenzake angekuwepo wangetaka kuwachukua wote wawili, ama wasimchukue yeyote. Nikafikiria zile siku nne za 2018. Hatukujua tulikuwa karibu kumpoteza na yeye.

Mwanzo yale maswali yaliniudhi. Nilihisi kama nahukumiwa. Sasa nawaheshimu kwa sababu hiyo hiyo. Kila punda wanayempokea ni nyasi, ni mfanyakazi, ni nafasi ambayo punda mwingine ataikosa. Wakipokea kila mtu aliyechoka na mnyama wake, wanajaa kwa mwezi mmoja, halafu yule aliyevunjika mguu barabarani anakosa pa kulala. Kwa hivyo kama una mnyama mwenye nguvu ambaye umechoka naye tu, tafuta jirani mwema. Kituo ni cha mwisho, sio cha kwanza.

Siku ya safari tulikuwa na kibali kutoka ofisi ya mifugo, pikapu yenye nyasi chini, na dereva aliyeahidi kwenda polepole. Tuliondoka alfajiri. Nilikuwa nimechaji simu mbili. Nilikuwa na mpango: picha ya asubuhi, machozi kidogo, shosho anaaga, Makena anapanda gari. Kontenti tosha.

Shosho alikuja na kikapu cha mabua laini, akamlisha moja moja. Alikuwa anamwambia kitu kwa Kimeru, chini chini. Nikasogea na simu. Akanigeukia: "Wewe msichana, zima hiyo kitu. Hapa hatuuzi chochote."

Nikazima. Alichomwambia sitawaambia, hata ningesikia vizuri. Picha mliyoiona niliipiga baadaye, tumesimama barabarani Chuka kumpa maji. Tulipita Mto Thuci tukaingia Embu, tukapita Runyenjes, tukapita mjini mbele ya barabara ya kwangu kabisa. Watu walikuwa wanacheka: punda kwa pikapu, na msichana ameketi nyuma naye. Nilikuwa na aibu kidogo. Yeye hakuwa nayo. Miaka yote alitembea, siku moja tu akabebwa.

Sasa nijibu komenti zenu moja moja.

"Watu wana njaa na wewe unasaidia punda." Nimeskia. Lakini nani anabeba maji punda akiisha? Si wewe. Ni mama, ni shosho, ni msichana wa darasa la saba mwenye kamba kichwani na mtungi mgongoni. Kirimi alipoibiwa safari za kwetu zilipungua nusu, na mitungi iliyobaki niliibeba mimi, na shule nilikuwa nachelewa. Usimweke punda upande mmoja na binadamu upande mwingine kama timu mbili. Kwetu ni mgongo mmoja. Akianguka yeye, mzigo unahamia kwa mwanamke.

"Ni uzungu." Hapa nakataa kabisa. Wanasayansi waliosoma jeni za punda mwaka wa 2022 walisema punda alifugwa kwanza na watu wa upande huu wetu wa Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita, halafu ndio akaenda dunia nzima. Kwa hivyo kumjua punda ni kwetu. Kumtunza ni kwetu. Kilicho cha kigeni ni kumchuna ngozi na kuitia kwa kontena. Hata sheria yetu wenyewe, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema kumfanyisha kazi mnyama mgonjwa ama mwenye kidonda ni kosa. Hiyo sio ya London, ni ya hapa. Na kwa hiyo sheria, sisi tulikuwa na makosa. Naandika hilo nikijua shosho atasomewa hii posti.

"Fadhila ya punda ni mateke." Hiyo methali mmeniandikia zaidi ya mara kumi. Sawa. Makena alinipiga teke mara moja, 2013, na nilikuwa nimestahili. Lakini hebu tugeuze. Yeye alitupa maji, karo, chai ya hoteli, sare. Sisi tulimpa kilo 80, fimbo na kidonda. Sasa hapo mwenye mateke ni nani?

"Anafundisha punda kuacha." Haya, tufike hapo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili niliambiwa nimekimbia. Mengine yalikuwa kweli: karo ilikuwa imekwama, lakini pia nilikuwa sitaki na niliogopa kusema. Nikatoweka tu. Sikumwambia shosho kwa miezi mitano. Alikuwa bado anatuma pesa ya maji, mia mbili, mia tatu, na mimi nazipokea. Huko ndiko kutupa. Kutupa ni kuacha kitu bila kukiangalia usoni.

Kwa Makena tulifanya tofauti. Tuliita daktari, tukajibu maswali, tukalipa, tukamsindikiza, tukaaga. Kuachilia na kutupa kwa mbali vinafanana, vyote mwisho wake uko mikono mitupu. Tofauti ni kama ulibaki pale mpaka mwisho wa kazi. Mimi nimejifunza hiyo tofauti kwa punda, nikiwa nimechelewa, na si kwa chuo.

So hiki ndicho nataka. Serikali za kaunti zetu, Meru, Embu na Tharaka Nithi katikati, huduma za mifugo ziko mikononi mwenu. Mnatoa chanjo za ng'ombe, mnatoa vifaranga, mnapiga picha. Punda analeta maji kwa nusu ya soko na hayuko hata kwa hotuba. Sijaomba hoteli ya kifahari. Naomba daktari siku moja kwa mwezi kwa kila soko kubwa, wa kuangalia meno na kwato. Naomba eneo moja dogo, lenye ua na maji, la punda wa kaunti tatu waliozeeka. Mngejua mapema ni punda gani amechoka, broka asingefika kwanza.

Na nyinyi wa rika langu, mlio Embu, Nairobi, kokote. Kama nyumbani kuna punda, ng'ombe wa kulima ama mbwa mzee aliyewalinda, piga simu leo uulize anakula vipi. Usitoe ushauri. Uliza gharama ni ngapi, halafu tuma kitu. Mia mbili ni dawa ya minyoo. Ukishatuma, hapo sasa una haki ya kuongea.

Jana mama wa kituo alinitumia ujumbe wa sauti. Meno yamelainishwa, anakula, bado anasimama peke yake lakini siku mbili hizi ameanza kulala karibu na jike mmoja mzee kutoka Machakos. Akaniambia hawezi kuahidi chochote, kidonda bado kibichi. Nikamchezea shosho kwa simu. Akaskiza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Wanambebesha nini?"

Nikamwambia, hakuna.

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikafikiria laini imekatika. Halafu akasema, "Haya. Sawa basi," akakata.